Zabadi ya Nguzoni

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye singo ya mjukuu wa jirani yangu. Tulikaa mkekani sisi wazee, kila mmoja na mgongo wake ukutani, biharusi kafunikwa kanga, wasichana wanatwanga liwa ya kumsugua na kucheka mambo yao. Akaja mmoja na kichupa kisichozidi kidole gumba, akakifungua. Jamani, nilisimama. Mimi huyu, mwenye magoti yanayolia kama mlango mbovu, nilisimama bila kushikwa mkono na mtu, nikatoka mpaka barazani, nikalia. Wakanifuata na maji, wakaulizana kama nimekunywa dawa ya presha. Niliwaacha. Vijana wa leo wakimwona mzee analia hawajui ugonjwa mwingine.

Haikuwa presha. Ilikuwa zabadi.

Nyie wa rika langu mnaijua, ingawa najua wengi hamjainusa miaka mingi. Ni kitu kizito kama siagi, rangi yake ya kahawia, na ukikinusa peke yake unageuza uso. Lakini kitie punje tu kwenye mafuta ya nazi, au kwenye udi uliochanganywa na sukari na marashi, basi nyumba nzima inatulia. Nilipokuwa mtoto harufu ile kwangu ilikuwa na jina moja tu. Ilikuwa harufu ya baba yangu siku ya Ijumaa.

Tulikuwa tunakaa upande wa Kariakoo unaoteremkia Jangwani, pale ambapo mitaa iliyopimwa kwa kamba na Wazungu ilikuwa inachoka kunyooka, inakuwa njia ya mguu, halafu inaishia kwenye matete ya bonde la Msimbazi. Nyumba ya udongo, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, paa la makuti lenye viraka vya madebe. Upande mmoja ulikuwa wetu: Baba, Mama na mimi. Upande wa pili alikaa Shangazi, dada yake Baba, mkubwa kwake. Shangazi aliolewa mara mbili, akaachwa mara mbili, hakujaliwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kuchanganya udi wa harusi, na hapa sitii chumvi nikisema hakukuwa na pua kama ile mtaani kwetu. Alikuwa anaweza kuingia kwenye nyumba ya sherehe, akasimama mlangoni, akasema, "Huu udi kauchanganya fulani, na sukari kaiunguza."

Zabadi yake alikuwa anaiweka ndani ya pembe ndogo, mdomo umezibwa kwa nta. Ilimfikia kutoka mbali kwa mikono ya wafanyabiashara, na mimi nilidhani inazaliwa humo ndani ya pembe. Kila Ijumaa asubuhi alimwita Baba, akamgusa nyuma ya masikio na kwenye ukosi wa kanzu. "Simama vizuri, fundi," alikuwa anamtania, "usije ukanipaka mimi." Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mwarabu mmoja karibu na soko. Akishaguswa zabadi yake, alikwenda uani, akaketi kwenye jiwe kando ya bafu letu la makuti, akaegemea nguzo ya boriti, akatia udhu polepole. Mimi nilishika birika. Ndiyo maana naweza kukuonesha hata leo nguzo ile ilikuwa na fundo upande gani.

Homa ilimchukua siku nne tu. Siku ya tano nyumba ilijaa watu, na mimi nilipewa maandazi na kila aliyeingia, nikala mpaka tumbo likauma. Niliambiwa Baba amekufa, na nilielewa, lakini kwa uelewa wa mtoto wa miaka minane. Nilidhani kufa ni kama safari ya Bagamoyo. Mtu anakwenda, mnalia, kisha siku moja mnamwona huyo anakuja na kikapu.

Mama akaingia eda. Wanawake wenzangu hamhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya wajukuu watakaosoma hapa kwa bahati mbaya. Miezi minne na siku kumi mjane anakaa ndani. Hakuna hina, hakuna wanja, hakuna dhahabu, na hakuna manukato hata ya kupita njia. Mama yangu alivaa shuka la marekani, akaketi chumbani kama mgeni asiyejua atakula saa ngapi. Shangazi naye, kwa heshima ya kaka yake, alifunga kasha lake la udi, akalisukuma mvunguni, akawaambia wenye harusi watafute mchanganyaji mwingine. Nyumba yetu iliyokuwa inajulikana kwa harufu mtaa mzima, ikawa inanuka moshi wa kuni na mbolea ya kuku tu.

Usiku Mama alilia. Alilia kwa adabu, mdomo ndani ya mto, akidhani nimelala. Sikuwa nimelala hata siku moja.

Sasa, siku hizohizo uani kwetu vitu vikaanza kupotea. Tulikuwa na mipapai miwili nyuma ya jiko, na kila papai likiiva na kuanguka, asubuhi tulikuta ganda. Kisha vifaranga wa Bi Arafa, jirani yetu wa ng'ambo ya wigo, wakaanza kupungua. Bi Arafa alikuwa mwanamke mwema lakini mdomo wake haukuwa na mlango. "Paka shume huyo," alisema kwanza. Siku nyingine akasema kicheche. Kisha akasema kasikia kitu kinatembea nyuma ya wigo wetu kabla ya adhana ya alfajiri, na mwendo wenyewe si wa paka, ni mzito. "Mimi sisemi kitu," alisema, na sisi tuliomjua tulielewa kwamba keshaanza kusema.

Asubuhi moja nilikwenda bafuni mapema. Umande ulikuwa bado kwenye makuti. Nilipita kando ya nguzo ya Baba, na harufu ikanishika puani nikasimama palepale. Kwanza ilikuwa kali, ikanipiga. Nikarudi nyuma hatua moja, na hapo ikawa ndiyo yenyewe: Ijumaa, kanzu, birika, mkono wa Baba umelowa maji. Nikapiga magoti, nikaweka pua kwenye boriti. Ilikuwa chini, usawa wa goti la mtu mzima, pana unyevu kidogo unaong'aa. Nikaona sawa kabisa. Si aliketi kwenye jiwe? Si hapo ndipo alipokuwa anaegemea?

Sikushangaa. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba sikushangaa wala sikuogopa. Nilifurahi mpaka nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilisema moyoni: kumbe anakuja. Anakuja alfajiri kutia udhu, halafu anaondoka kabla hatujaamka, kwa sababu Mama yuko eda na haruhusiwi kuonana na wanaume.

Mnacheka. Haya, chekeni. Lakini mapapai je? Baba alikuwa hali kitu asubuhi kabla ya papai. Basi jioni ile niliomba kipande cha papai, nikajifanya nakula, nikakiweka juu ya jiwe. Asubuhi hakikuwepo. Nikaweka tena, hakikuwepo tena. Wakati mwingine nilikuta nyayo kwenye mchanga, vidole vifupi vya mviringo, nikazifuta kwa mguu nikimlaani paka aliyethubutu kupita njia ya baba yangu. Na kwenye kona ya wigo palikuwa na rundo la mavi limejaa mbegu za papai. Mama aliyekuwa anafagia huko hakuwa anatoka, na Shangazi hakuwa mtu wa kwenda kona. Mimi niliona, na sikuunganisha. Mtoto akishapata jibu lake hataki maswali mengine, na watu wazima tunaowajua wako hivyohivyo.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa na sababu. Niliwahi kusikia kwamba maiti akirudi nyumbani anafukizwa uvumba na kusomewa mpaka aende zake. Nilimjua Shangazi na uvumba wake. Nikaapa kwamba siri hii itakufa nami.

Lakini Mama alikuwa analia. Na mimi nilikuwa na dawa yake pale nje, kwenye nguzo.

Kwenye kikapu cha Baba kulikuwa bado na vipande vya melimeli vilivyobaki kwenye kanzu za watu. Nikachukua kimoja, cha ukubwa wa kiganja. Kila asubuhi kwa muda wa wiki nzima nilikisugua kwenye boriti, nikakificha ndani ya kifuu jikoni. Kikashika harufu mpaka kikawa kama kimelala na Baba mwenyewe. Siku moja Mama alipokuwa anaswali, nikaingiza mkono kwenye foronya ya mto wake, nikapata mahali kitambaa cha ndani kilipofumuka, nikakisukuma kati ya sufi mpaka mkono ukaishia kiwikoni.

Usiku ule Mama hakulia. Nilisikiliza na kusikiliza. Aligeuka mara moja, akanyamaza, akavuta pumzi ndefu, halafu kimya. Usiku uliofuata hivyo hivyo. Nikajiona mganga mkubwa kuliko waganga wote wa Uzaramo.

Raha yangu haikufika hata wiki mbili. Ilikuwa desturi ya Shangazi kuingia kwa Mama baada ya alasiri, akamkalisha, akamweleza habari za mtaani. Siku hiyo alichukua shuka na mto avianike juani. Alifika mlangoni akasimama. Nilimwona kwa macho yangu. Alisimama na mto kifuani, pua zake zikafunguka kidogo tu, halafu akaurudisha mto kitandani. Akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Nikasikia kasha linavutwa mvunguni. Baada ya muda likarudishwa.

Siku tatu Shangazi hakuzungumza na mtu ila kwa lazima. Bi Arafa akaja na neno lake la hatua nzito nyuma ya wigo, na safari hii Shangazi hakumwambia anyamaze.

Siku ya nne nilikuwa ukumbini nachambua mchele kwenye ungo. Mlango wa Mama ulikuwa wazi nusu. Shangazi aliingia, akaketi, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, hiyo ndiyo iliyonitisha. Shangazi akikasirika kwa kelele ilikuwa mvua ya kupita.

"Wifi," alisema, "tumekaa nyumba moja miaka kumi. Nimewahi kukusengenya?"

"Hata siku moja, wifi."

"Basi niambie mwenyewe kabla mtaa haujaniambia. Mto wako unanukia zabadi. Pembe yangu nimeitazama, nta yake haijaguswa. Na kuna mtu anatembea nyuma ya wigo wetu alfajiri. Nani anakuletea?"

Mama akautazama mto wake.

"Sema hapana, wifi. Sema hapana nami nitanyamaza. Mungu shahidi."

Na Mama, mama yangu ambaye hakuwahi kuwa bubu, aliinamisha kichwa. Sikuelewa. Nilisubiri aseme hapana. 

"Vyema," Shangazi akasema, na hapo sauti ikamkatika. "Vyema. Eda ikiisha utarudi kwenu Kisiju. Mtoto atabaki hapa, ni damu yetu. Sitamwacha alelewe na mwanamke aliyejitia manukato, kaburi la kaka yangu halijakauka."

Nawaambia ukweli, mimi nilimpenda Shangazi. Lakini niliposikia kwamba nitakaa naye mimi, na Mama aende Kisiju, niliona ukumbi wote unaenda upande. Na hapo hapo nikaona jambo la pili, baya kuliko la kwanza: kwamba naweza kumwokoa Mama, na nikimwokoa nitampoteza Baba. Nikisema, atafukizwa. Nisiposema, Mama atafungasha. Nilikuwa na miaka minane, na hakuna aliyewahi kunifundisha hesabu ya namna hiyo. Ungo ukaanguka, mchele ukatapakaa.

"Ni Baba!" nilipiga kelele mlangoni. "Ni Baba anakuja! Mama hajui kitu! Nilimtilia mimi kwenye mto ili asilie! Usimfukize, Shangazi, tafadhali, hafanyi kitu kibaya, anatia udhu tu!"

 Mama aliniangalia kama anayeniona mara ya kwanza.  Shangazi alichukua mto, akatoa foronya, akaugeuza huku na huku, akapapasa pembeni. Akauleta mdomoni, akakata uzi kwa meno, akaingiza vidole, akatoa kitambaa cha melimeli kimekunjamana, na sufi zimekishika kama manyoya. Akakitazama kitambaa. Akautazama mto. Akamtazama Mama, muda mrefu kidogo. Halafu akanigeukia.

"Nguzo ipi?" akaniuliza.

Nikampeleka. Mwanamke mzima, mwenye heshima zake, alipiga magoti kwenye mchanga wa bafuni, akaweka pua kwenye boriti. Akanusa juu, akanusa katikati, akashuka mpaka chini. Hapo akatulia. Akagusa kwa kidole, akakisugua kidole na kidole gumba, akanusa tena.

"Zabadi," alisema. "Na ni mbichi." Akakaa kitako palepale chini. "Lakini mwanangu, marehemu kaka yangu alikuwa mrefu kuliko mlango. Mtu gani anajipaka manukato usawa wa goti?"

"Alikuwa anakaa kwenye jiwe," nikamjibu kwa ukali.

Shangazi alitaka kucheka, nikaona linamfika shavuni, likageuka kuwa kilio. Tulilia wote wawili pale bafuni, kila mtu na lake.

Kesho yake, alipomaliza swala ya alfajiri, alinishika mkono, tukaketi ndani ya mlango wa jiko, kanga yake imetufunika sote. Nilikuwa nimeweka papai kama kawaida. Mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeupe upande wa bandarini.  Nilikuwa nimechana nywele. Nilitaka Baba anikute nimechana nywele.

Akatoka chini ya wigo, upande wa matete. Mnyama wa kijivu mwenye madoa meusi, mrefu kama mbwa lakini miguu mifupi, uso wake kama aliyejifunga kitambaa cheusi machoni, na nywele zimemsimama mgongoni. Alitembea kama mwenye nyumba. Akala papai lote bila haraka. Kisha akaiendea nguzo ya baba yangu, akaigeuzia mgongo, akainua mkia, akaisugua kwa makalio, huku na huku, akiwa ametulia kabisa. Akanusa kazi yake, akaridhika, akaondoka zake.

"Ngawa," Shangazi alinong'ona. "La haula! Miaka thelathini nachanganya zabadi yake, nilidhani mwenyewe anaishi nchi za watu huko, kwenye vizimba. Kumbe yuko bafuni kwangu."

Mimi sikutaka kujua anaitwa nani. Nililia kilio ambacho sikulia siku ya mazishi. Watu huwa wanasema nilimzika baba yangu siku ile ya maandazi, lakini mimi najua nilimzika asubuhi hiyo, mlangoni mwa jiko. Shangazi hakuniambia nyamaza. Alinishika kichwa kwenye paja lake mpaka jua likatoka.

Kisha akaniacha, akaingia kwa Mama. Aliketi chini sakafuni, Mama akiwa kitandani, jambo ambalo mkubwa hafanyi kwa mdogo. "Wifi, nimekosa," alisema. "Nimekudhania, nimekutukana, nimetaka kukunyang'anya mtoto. Kama una radhi, nipe."

Mama alishuka kitandani akaketi naye sakafuni. "Yamekwisha, wifi," alisema. Wakashikana mikono, wakakaa hivyo.

Bi Arafa aliposikia ni ngawa, alitaka mtego siku hiyohiyo. Shangazi akamwambia atakayemgusa mnyama yule hatachanganyiwa udi maisha yake yote, na Bi Arafa alikuwa na mabinti watatu hawajaolewa. Banda la kuku likajengwa kwa vipande vya boriti, imara kama gereza, na tukaishi naye. Aliishi nasi miaka kadhaa, yeye au watoto wake, nani angewatofautisha. Usiku tulimsikia akipita kwenye makuti makavu, Shangazi akasema, "Mwenye duka kaja." Alitumalizia panya. Aliiba dagaa waliosahauliwa juani. Kila wiki Shangazi alikwangua nguzo kwa kijiti cha mwanzi, akatia kwenye pembe yake. Mabiharusi wangapi wa Kariakoo waliingia ndani na zabadi ya bafu letu, Mungu ndiye ajuaye. Binti mkubwa wa Bi Arafa alikuwa wa kwanza, na mama yake alitembea siku nzima akisema hajawahi kunusa kitu kizuri namna ile.

Siku Mama alipotoka eda, aliogeshwa, akavishwa kanga mpya, nywele zikasukwa. Shangazi akaleta pembe. Akamgusa nyuma ya sikio moja, nyuma ya sikio la pili, na kwenye shingo, palepale alipokuwa akimgusa Baba. "Simama vizuri, wifi," alisema, na wote wawili wakageuza nyuso.

Miaka ikapita. Matete yalikatwa, nyumba zikashuka mpaka bondeni, ngawa akahama bila kuaga. Shangazi akafariki. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikazeeka kidogo, na Mama akazeeka kwelikweli, akawa anakaa kwangu.

Siku moja nilikuwa nashona mto wake uliofumuka. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, na mkono ukasimama hewani. Nilimwona tena Shangazi anapapasa pembeni mwa mto, anauleta mdomoni, anakata uzi kwa meno. Uzi gani? Mimi nilisukuma kile kitambaa kwenye tundu. Nililiacha tundu wazi. Nilikuwa na miaka minane, sindano sikuijua.

"Mama," nilimwita. "Ule mto wa wakati wa eda. Nani aliushona?"

Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nilidhani hakusikia.

"Wewe unadhani nani?" akasema.

Nikaweka sindano chini. Kumbe ndiyo maana alishindwa kusema hapana. Alikikuta kitambaa usiku wa kwanza. Alijua ni haramu kwake, alijua kinachoweza kumpata, na badala ya kukitupa aliushona mto ili kisije kikaanguka.

"Ulijua ni nini?"

"Sikujua kimetoka wapi. Nilijua ni melimeli ya baba yako, na nilijua harufu. Basi." Akapapasa shuka lake. "Ningekitupa vipi?"

"Na Shangazi je? Aliona mshono?"

Mama aligeuka, akanitazama kwa yale macho yake yaliyokwisha kuwa na ukungu.

"Dada wa fundi cherehani asiujue mshono, mwanangu? Si aliukata kwa meno yake mwenyewe? Akanitazama, nikamtazama. Halafu akakuuliza wewe nguzo ipi. Mpaka anakufa hajaniuliza mimi."

Akavuta shuka akafunika mabega, akaniambia nimalize mto wake, anataka kulala.